Kufua, Kuunda na Kutengeneza: Maneno ya Mafundi wa Gobore na Uzito wa Maana Zake

Neno kutengeneza ni miongoni mwa maneno ya Kiswahili yanayotumika kila siku na kuchunguzwa kwa nadra. Seremala hutengeneza kiti kipya. Hutengeneza pia kiti cha zamani kilichovunjika mguu. Mwenye saa mbovu huipeleka kwa fundi ikatengenezwe, na mwenye kiwanda husema kwamba yeye hutengeneza saa. Katika habari za viti na saa utata huo haumdhuru mtu. Lakini iko kazi moja ambayo ndani yake tofauti ya maana hizo mbili yaweza kumtia mtu gerezani au kumwacha huru, nayo ni kazi ya bunduki. Makala haya yaeleza maneno ya kazi hiyo, hasa ya gobore, yaani bunduki ishindiliwayo baruti kwa mdomo, ambayo mafundi wa vijijini wamekuwa wakiifanya kwa mikono yao katika sehemu nyingi za Tanzania. Shabaha yake ni kuonyesha kwamba Kiswahili kina vitenzi vya kutosha vya kutenga tendo na tendo, na kwamba upungufu uliopo ni wa wale waliozikusanya kamusi na wanaozitafsiri sheria.

I. Mahali na historia

Sepuka ni tarafa na kata upande wa magharibi wa mji wa Singida. Tangu mwaka 2012 imo katika Wilaya ya Ikungi, ambayo ilitengwa na Wilaya ya Singida Vijijini. Wenyeji wake walio wengi ni Wanyaturu, na lugha yao, Kinyaturu au Kirimi, iliandikiwa sarufi na Howard Olson katika mwaka 1964. Sepuka imechukuliwa hapa kuwa mfano si kwa sababu ina sifa yoyote ya pekee katika kufua bunduki, bali kwa sababu hali ya lugha ya hapo ndiyo hali ya vijiji vingi vya bara: lugha ya nyumbani ni nyingine, na Kiswahili ni lugha ya soko, ya shule, ya kituo cha polisi na ya mahakama. Mtu wa mahali kama hapo, akiulizwa kwa Kiswahili amefanya nini kwa mikono yake, hujibu kwa neno lililo karibu zaidi, na neno hilo kwa kawaida ni kutengeneza.

Bunduki na maneno yake ziliingia bara kwa njia moja, yaani kwa misafara. Njia kuu ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita kusini ya nchi ya Wanyaturu, katika Ugogo na Mgunda Mkali. Lakini mwezi wa Januari 1875 msafara wa Henry Morton Stanley uliiacha njia hiyo ukapita katika Ituru yenyewe, na mahali paitwapo Vinyata palitokea mapigano ya siku kadhaa. Wanyaturu walipigana kwa mikuki na mishale. Wangwana wa msafara walikuwa na bunduki, nao wakapoteza watu zaidi ya 20. Waliobeba bunduki hizo walikuwa wasemaji wa Kiswahili, na yaelekea majina ya silaha hizo yalifika katika masikio ya bara yakitoka katika vinywa vya watu wa namna hiyo.

Wakati ule ule Mirambo huko Unyamwezi na Nyungu ya Mawe huko Ukimbu walikuwa wamewapa bunduki rugaruga wao. Majeshi ya Ulaya yalikuwa yakiacha bunduki za kushindilia na kuchukua za viasi, na zile kuukuu zikauzwa Afrika kwa makumi ya maelfu kupitia Zanzibar. Ndipo Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ukazuia kuingizwa kwa silaha kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini, lakini ukaacha mlango wazi kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, na kwa baruti ya kawaida ya biashara. Katika nchi nyingine bunduki ya kushindilia ilikwenda makumbusho. Huku ilibaki mkononi mwa mwindaji, na ilipoharibika ilipelekwa kwa mfua vyuma. Hapo ndipo lugha ya bunduki ilipokutana na lugha ya jembe.

II. Majina ya silaha na ya sehemu zake

Majina ya kazi hii yamepangika kwa tabaka, na kila tabaka laonyesha nani alikuwa akisema na nani.

Tabaka la kwanza ni la maneno ya Kibantu yaliyokuwako kabla ya bunduki. Bunduki ilipewa viungo vya mwili: ina mdomo, ina tako au kitako. Mzinga, ambao kwa watu wa Singida mpaka leo ni gogo lililotobolewa na kutundikwa mtini ili nyuki waingie, ulitoa jina lake kwa silaha kubwa ya mdomo mpana, na jina hilo limekwenda mbali hata likawa la Shirika la Mzinga la Morogoro, lifanyalo kazi ya zana za kijeshi. Kutoka katika lugha ya mitego zilikuja fikra za kufyatua na za mtambo. Mtambo katika kamusi za kale ni kitu chochote chenye kamani au chenye kufyatuka, na mtambo wa bunduki ni ile sehemu inayopiga moto. Leo neno hilo limepanda cheo likawa jina la mashine kubwa za viwandani, na wengi wamesahau kwamba lilikaa kwanza katika mtego na katika bunduki.

Tabaka la pili ni la Kiarabu. Neno bunduki latokana na bunduq, ambalo katika Kiarabu lilikuwa kwanza jina la aina ya kokwa, kisha la kidonge cha kurushia, kisha la chombo chenyewe kirushacho. Baruti ni bārūd. Risasi ni raṣāṣ, jina la madini yenyewe, na Kiswahili kimehifadhi maana zote mbili. Kasiba, jina la mtutu ambalo leo husikika mara chache, ni qaṣaba, yaani tete. Mfano ulio mzuri kuliko yote ni kiasi. Katika Kiarabu qiyās ni kipimo. Baruti ilipopimwa na kufungwa pamoja na risasi katika ganda moja, kipimo hicho kikaitwa kiasi, na kwa kuwa neno lilianza na ki- likaingizwa katika ngeli ya ki-/vi-, wingi wake ukawa viasi. Bunduki ya viasi ikawa jina la kuitofautisha bunduki mpya na ile ya kushindilia.

Bastola yataka maelezo ya peke yake. Ni wazi kwamba neno hili lina udugu na pistola la lugha za kusini mwa Ulaya, na ni rahisi kulihesabu pamoja na maneno ya Kireno kama parafujo. Lakini parafujo limeihifadhi p yake, kwa kuwa Kiswahili kina sauti hiyo na hakina sababu ya kuikataa. Kiarabu ndicho kisichokuwa na p. Kwa hiyo b ya bastola yaelekea kuwa ni alama ya njia iliyopitwa: huenda neno lilitoka Ulaya likapita katika vinywa vya Waarabu kabla ya kufika pwani yetu.

Tabaka la tatu ni la namna ya kuwasha moto, na hapa lugha imehifadhi historia nzima ya ufundi. Bunduki ya mrao ni ile iliyowashwa kwa utambi. Bunduki ya gumegume ni ile iliyowashwa kwa jiwe. Bunduki ya fataki ni ile iliyopigwa kwa kifuniko kidogo chenye dawa, ambacho hukaa juu ya kifa. Kifa chenyewe kilikuwa kwanza kisahani cha baruti katika bunduki ya mrao. Ufundi ulipobadilika jina halikutupwa, likahamia katika chuchu ya bunduki mpya. Mti au chuma cha kushindilia ni mdeki.

Gobore, pamoja na umbo lake la pili gobori, limo katika ngeli ya li-/ya-, ambapo bunduki na bastola zimo katika ngeli ya i-/zi-. Jambo hili si dogo. Ngeli ya li-/ya- hubeba mara nyingi wazo la ukubwa au la dharau, na kwa msemaji wa leo gobore ni chombo kizito, cha kikale, kisicho na heshima ya bunduki ya dukani. Jina hili lachagua silaha kwa namna ya kushindiliwa, wala halisemi kitu juu ya umri wake.

III. Vitendo vya fundi

Mpaka hapa majina yote yaliyotajwa ni majina ya mtumiaji: ya mpigaji, ya mwindaji, ya askari. Steere katika mwaka 1870, Krapf katika mwaka 1882, Madan katika mwaka 1903, Johnson na Sacleux katika mwaka 1939, wote walikusanya maneno kwa watu walioishika bunduki, na walikuwa nao tele. Mtu aliyeifanya hawakumwuliza sana. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 ilirithi hali hiyo. Baada ya mamlaka kuipiga marufuku kazi hiyo pasipo leseni, fundi mwenyewe akawa na sababu ya kunyamaza, na msamiati wake ukabaki nje ya kitabu.

Lakini msamiati huo si wa siri kama unavyodhaniwa. Katika nchi za Ulaya na Marekani wako watu wanaofanya bastola nyumbani kwao kwa kujifurahisha tu na kupeana mashauri ya kukata chuma na kukisawazisha, na mwaka 2013 ulimwengu ulishtuka kusikia kwamba bastola ya plastiki imechapwa kwa mashine huko Marekani. Watu hao hawana lugha yao ya peke yao. Husema lugha ya karakana. Ndivyo ilivyo kwa fundi wa gobore pia. Ana fuawe, nyundo, koleo na mivukuto kama mfua majembe. Ana tupa, jiriwa na keekee kama fundi wa baiskeli. Akisema juu ya vitu viwili visivyoshikana vizuri atasema kimoja chapwaya, neno lililotoka katika nguo. Vikishikana mno atasema chabana. Kwa hiyo mkusanyaji wa maneno aweza kupata karibu yote kwa Warongo wa kusini-magharibi ya Ziwa Victoria waliofua majembe ya biashara, kwa wafua vyuma wa Kidatoga waitwao Gidang'odiga, na kwa wachongaji wa vipuri walio katika miji. Hana haja ya kumwuliza mtu yeyote namna ya kufanya silaha, wala jina la mtutu halimfundishi mtu kuufanya.

Vitendo vyenyewe vyapasa kutengwa hivi.

Kufua ni kukipa chuma umbo kwa moto na nyundo. Mfuaji huanza na kipande kisicho na sura na kumaliza na jembe, mkuki au kisu. Ni neno la kale la Kibantu, na fuawe latokana nalo.

Kuchonga ni kupata umbo kwa kuondoa, wala si kwa kupiga. Zamani lilikuwa neno la mti, la mwiko na la mtumbwi. Leo katika miji ya Tanzania funguo huchongwa na vipuri vya magari huchongwa, na mafundi wamelipendelea neno hili kuliko kukereza, ijapokuwa kukereza na kerezo ndiyo maneno ambayo kamusi huyatoa kwa kazi ya chombo kizungukacho.

Kuunda ni kuweka pamoja sehemu zilizokuwa mbali mbali mpaka kitu ambacho hakikuwako kikawako. Waunda jahazi walilitumia hivyo, na viwanda vya magari vinalitumia hivyo leo. Mtu aweza kuunda asichokifua: mtutu akaununua, kitako akapewa, mtambo akauokota.

Kukarabati ni kukirudishia kitu kilichoharibika kazi yake ya kwanza. Kitu kilikuwako kabla, nacho chabaki kuwa kile kile.

Kutengeneza, kwa asili ya matumizi yake, ni kutia katika hali njema. Hutengenezwa nywele, hutengenezwa njia, hutengenezwa chakula. Neno hili lakusanya ndani yake kufua, kuchonga, kuunda na kukarabati, na ndiyo sababu lapendwa. Tena hubeba viambishi vya kila namna. Mtu akisema nilitengenezewa gobore hili, msikilizaji hajui kama alifanyiwa jipya au alifungiwa waya kitako kilichopasuka. Anachojua ni kwamba mkono uliofanya kazi haukuwa wa msemaji.

IV. Kufyatua na kufyatuka

Liko jambo la pili ambalo sarufi yenyewe hulibeba. Kutokana na shina moja Kiswahili kina kufyatua na kufyatuka. La kwanza lina mtendaji na mtendwa: mwindaji alifyatua bunduki. La pili halina mtendaji: bunduki ilifyatuka. Ndivyo ilivyo kwa kupasua na kupasuka, kuvunja na kuvunjika. Mtutu usio imara hupasuka mkononi mwa mpigaji, na watu wameumia kwa njia hiyo, hakuna aliyeupasua.

Katika mazungumzo ya kawaida msemaji wa Kiswahili hupenda umbo la kutendeka hata pale ambapo mtendaji yuko, kwa adabu au kwa kutotaka kumtaja mtu. Sahani imevunjika, husema mtoto aliyeivunja. Kwa hiyo anayesikia maneno bunduki ilifyatuka hawezi kuamua mara moja kama ameambiwa habari ya ajali au habari ya tendo lililofunikwa kwa adabu. Sarufi imetoa tofauti iliyo wazi. Desturi ya mazungumzo imeipunguza. Mtu anayepima ushahidi hana budi kuyajua yote mawili.

V. Maneno mbele ya sheria

Sheria ya Silaha na Risasi ya 1991 ilifuatwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi Na. 2 ya 2015, na chini ya sheria hii kufanya silaha bila idhini ni kosa. Juu yake kuna maagano ya kimataifa. Itifaki ya Umoja wa Mataifa juu ya silaha za moto, iliyopitishwa mwaka 2001, yahesabu kuwa utengenezaji haramu vitendo viwili vilivyotajwa mbali mbali, yaani kuifanya silaha na kuziunganisha sehemu zake, bila kibali au bila alama ya utambulisho. Kukarabati hakumo katika fasili hiyo. Itifaki hiyo yasema pia kwamba silaha haiwezi kuhesabiwa kuwa ya kale ikiwa imefanywa baada ya mwaka 1899. Nchi za Maziwa Makuu na za Pembe ya Afrika ziliongeza Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004.

Kwa kipimo hiki, gobore lenye sura ya karne ya kumi na tisa lililofuliwa juzi si silaha ya kale. Lakini katika Kiswahili cha mtaani husemwa kuwa ni la kizamani, na asemaye hivyo hasemi uongo: ataja namna ya silaha, ilhali sheria yauliza tarehe.

Kwa muda mrefu utata wa namna hii ulimalizwa na mtu mmoja, naye ni mfasiri. Mahakama za mwanzo ziliandika kwa Kiswahili, lakini mahakama za juu ziliandika kwa Kiingereza yale yaliyosemwa kwa Kiswahili. Shahidi aliposema kutengeneza, ilimpasa mwenye kuandika achague mojawapo ya maneno mawili ya Kiingereza, moja la kufanya kipya na moja la kurekebisha. Uchaguzi huo ulifanyika kwa haraka, nao haukuacha alama katika kumbukumbu. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Wengi wameyafurahia, nao wana haki. Lakini mabadiliko hayo yameiondoa ile nafasi ambayo uchaguzi ulikuwa ukifanyika. Hati ya mashtaka ikiandikwa kutengeneza, na maelezo ya mshtakiwa yakiandikwa kutengeneza, maneno mawili yatakuwa yamelingana kwa sauti ilhali huenda hayalingani kwa maana.

Na ichukuliwe, kwa mfano wa kubuni, kwamba mzee mmoja wa kijiji cha Sepuka aliachiwa gobore na baba yake, akalifunga kitako kwa ukanda wa ngozi na kuusafisha mtutu. Aulizwa, Mzee, nani alitengeneza silaha hii? Ajibu, Nililitengeneza mimi mwenyewe, mwanangu. Amesema kweli, na muulizaji amesikia vizuri. Hata hivyo neno moja limemkiri kwa kosa ambalo hakulifanya. Huenda liko kosa jingine, la kuwa na silaha bila kibali, nalo lina adhabu yake. Lakini kosa moja si kosa jingine. Jirani yake aliyeunganisha gobore jipya kwa vipande vya kuokota aweza kutoa jibu lile lile kwa maneno yale yale.

VI. Yapasayo kufanywa

Kwanza, watungaji wa kamusi wakubali kwamba maana mbili za kutengeneza ni maana mbili, wazipe nambari mbali mbali, na kila moja wailetee mfano wake. Fasili isemayo tu kufanya kitu kiwe kizuri haitoshi.

Pili, wafasiri wa sheria wasilitumie neno hili peke yake pale ambapo haki ya mtu yategemea tofauti. Sheria ikikusudia kukifanya chuma kuwa sehemu ya silaha, iseme kufua au kuchonga. Ikikusudia kukusanya sehemu, iseme kuunda. Ikikusudia kurekebisha, iseme kukarabati. Maneno haya hayahitaji kubuniwa na baraza lolote. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, latakiwa kuyathibitisha tu.

Tatu, majina ya sehemu yaangaliwe upya. Kiswahili kina mtutu, kitako, mtambo, kifa na mdeki. Bado hakina jina lililokubaliwa kwa kile kiunzi cha kati kinachoishika mitambo ya bastola za kisasa, ambacho itifaki ya 2001 yakitaja kuwa miongoni mwa sehemu za lazima. Pengo hilo lapasa kujazwa na wanalugha wakishirikiana na mafundi, kabla halijajazwa ovyo katika chumba cha mahojiano.

Nne, anayeuliza aulize kwa njia ya kutenganisha: kitu hiki kilikuwako kabla hujakishika? Sehemu hii ilikuwa nini kabla haijawa hivi? Maswali haya mtu yeyote wa Sepuka atayaelewa, awe na Kiswahili kingi au kichache, na jibu lake litaonyesha tendo lenyewe ambalo neno kutengeneza limelifunika.